Mzee wa Mitambo na Stika Iliyokatika

Walioajiriwa hospitalini kwetu miaka ya karibuni wanamkumbuka kama mtu wa kutembea. Kila asubuhi, madaktari wakiwa bado kwenye kikao chao, alikuwa ameshapita mapokezi, maabara, famasi, wodi ya wazazi na uhasibu. Kila alipoingia aliiamuru kompyuta itoe karatasi moja, akaishika kwa mikono miwili, akaisoma kuanzia juu hadi chini. Kama ilikuwa sawa aliikunja akaitia mfukoni, akaenda chumba kinachofuata bila kusema neno. Watu walimpisha. Wengine walimcheka akishatoka. Hawakujua kwamba kwa miaka mingi kabla ya hapo mtu huyu alikuwa hanyanyuki kwenye kiti.

Tulimwita Mzee wa Mitambo. Mlango wake uliandikwa Afisa TEHAMA, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi mdomoni ya kulisema hilo kila siku. Mimi nilikuwa katibu muhtasi wa mganga mfawidhi, na chumba changu kilitenganishwa na chake kwa ukuta wa plaiwudi. Nilisikia kikohozi chake, redio yake ndogo, na ugomvi wake na mashine. Hospitali yenyewe ni ndogo, iko upande wa Biharamulo, na jina lake nitaliacha. Waliobaki pale wana mzigo wao wa kutosha.

Hakuwa mtu mwepesi wa kupendwa. Kiswahili chake kilikuwa cha zile nyumba za mjini ambazo babu zao walikuja na biashara kutoka pwani, na sisi tuliokulia katika lugha zetu za Kihangaza na Kisubi alitusikiliza kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga. Siku moja nesi wa zamu alimpigia simu kwamba plinta imegoma na inapiga kerere.

"Binti," akamjibu, "ukiniambia kuna printa inapiga kelele, nitakusaidia. Hiyo nyingine siijui."

Akakata simu. Nesi akaanza kunung'unika, na kabla hajamaliza, printa ikaanza kutoa karatasi. Alikuwa ameshairekebisha kutoka kwenye kiti chake, ila alitaka kwanza amrekebishe nesi.

Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake wakati ule. Printa zote za hospitali zilifungwa kwenye waya mmoja wa mtandao uliopita darini, na kompyuta kubwa iliyozisimamia ilikaa chumbani kwake, chini ya feni. Aliniambia mara nyingi, kwa kuwa nilikuwa karibu na sikuwa na pa kukimbilia, kwamba printa ni mgeni asiyejua lugha ya nyumbani. Inahitaji programu ndogo, inaitwa draiva, ya kuielewesha maneno ya kompyuta. Draiva ikiwa siyo yake, printa itatoa takataka, au haitatoa kitu, au itatoa kitu kinachofanana na kile ulichotaka. Hii ya tatu aliitaja haraka haraka, kama jambo la vitabuni.

Yeye aliweza kuweka draiva wodini akiwa amekaa. Aliweza kufuta foleni ya kazi zilizokwama famasi huku akimenya chungwa. Mtu akimwomba aje aone, alimwonyesha kioo cha kompyuta yake na kusema, "Mimi nakuona wewe kutoka hapa. Nije kufanya nini?"

Kwa karatasi alikuwa bahili wa kutisha. Alizipanga printa zote zitoe pande mbili, kwa wino mweusi tu, na aliyetaka rangi ilibidi aje kujieleza. Mhasibu alitaka kadi za harusi ya mdogo wake, akazitoa kwa kujificha wakati wa chakula cha mchana. Mzee aliziona kwenye kompyuta yake, akasubiri mpaka kadi zikafika nusu, akaisimamisha printa. Mhasibu hakumsemesha kwa muda mrefu. Lakini Mzee huyohuyo, siku mfanyakazi wa usafi alipomwagikiwa na unga wa tona, ule wino mkavu wa printa, sare nzima, akilia kwamba hana nyingine, aliichukua ile sare, akaipeleka bombani nyuma ya jengo, akaifua mwenyewe kwa maji baridi. Alisema maji ya moto yangeubandika ule wino. Akaianika, akakaa karibu nayo mpaka ikakauka, na alipomrudishia hakumtazama usoni.

Nyumbani kwake hakukuwa na kompyuta. Nilikwenda kumpa pole alipofiwa na mkewe, nikakuta sebule yenye mkeka, saa ya ukutani na mashine ya kushonea iliyofunikwa kitambaa. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Nilipomuuliza, alisema mtu anayeuza nyama mchana kutwa hali nyama jioni.

Sasa niseme kilichotokea, kwa sababu bila hicho mtu huyu haelezeki.

Maabara yetu ilitumia stika. Mgonjwa akifika mapokezi, kompyuta ilitoa stika zenye jina lake na namba yake, zikabandikwa kwenye vichupa vya damu, na maabara wakasoma hapo damu ni ya nani. Kuna wakati roli za stika tulizozoea zilikosekana, zikaletwa nyingine, nyembamba kidogo. Maabara wakampigia Mzee wa Mitambo kwamba stika zinatoka vibaya. Akafungua kompyuta yake, akabadilisha saizi kwenye draiva, akawaambia wajaribu. Wakajaribu. Zikatoka vizuri. Wakamshukuru, naye akarudi kwenye redio yake.

Ila kompyuta ya mapokezi ilikuwa na draiva yake peke yake, ya zamani, iliyowekwa kabla mtandao haujapangwa vizuri, na ile haikupokea mabadiliko. Yeye kwenye kioo chake aliona kila kitu kiko sawa. Mapokezi wakaendelea kutoa stika kwa saizi ya zamani kwenye karatasi nyembamba, na ukingo wa kulia ukawa unakatika. Kilichokatika kilikuwa tarakimu ya mwisho ya namba ya mgonjwa. Jina lilikuwa zima, linasomeka, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Wiki hiyohiyo wanawake wawili walifika kujifungua asubuhi moja, wakaandikishwa mmoja nyuma ya mwingine. Mmoja alitoka Nemba, mwingine alikuwa wa Kirushya kule Ngara, aliyekuja kukaa kwa dada yake kungoja uchungu. Walikuwa na majina ya ubatizo yanayofanana na majina ya baba yanayofanana, jambo la kawaida kwetu. Namba zao zilitofautiana kwenye ile tarakimu ya mwisho tu.

Mama wa Kirushya alijifungua salama, kisha akaanza kutoka damu. Sampuli yake ikakimbizwa maabara, ikakuta pale kichupa chenye jina na namba ileile, majibu yakachanganywa, damu ikatolewa kwenye akiba, akaongezewa. Ilikuwa damu ya kundi la yule wa Nemba. Alifariki kabla ya magharibi.

Asubuhi iliyofuata mganga mfawidhi alinituma nimwite Mzee wa Mitambo aende maabara. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiingia mle. Alisimama mbele ya kibao cha vichupa, akavaa miwani, akainua kimoja.

"Katibu," akaniuliza, "hii namba unaisomaje?"

Nikaisoma.

"Inaishia hapo?"

"Inaishia hapo, mzee."

"Haiishii hapo," akasema. Akakirudisha kichupa mahali pake taratibu sana, akaomba kiti, na mtaalamu wa maabara akamsogezea chake.

Kikao kiliitwa. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, kwa hiyo nilikuwepo tangu mwanzo. Ilisemwa kwamba wauguzi walipaswa kuhakiki kundi la damu kando ya kitanda. Ilisemwa kwamba maabara walipaswa kuona kwamba namba ina upungufu, kwamba mapokezi walipaswa kuona vilevile, kwamba manunuzi hawakupaswa kupokea roli zile. Yote yalikuwa kweli. Kosa liligawanywa vipande vidogo mpaka kila mtu akapata kipande anachoweza kutoka nacho mlangoni. Kabla ya kufunga, Mzee wa Mitambo akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Sikwenda kuangalia."

Mwenyekiti akamwambia, "Mzee, kaa chini. Hakuna aliyekutaja."

"Ndiyo maana najitaja."

"Kaa chini, mzee."

Akakaa. Mwenyekiti aliniambia nisiliandike hilo, na wala halikuwa na mahali pa kukaa kwenye ajenda.

Familia ya marehemu iliambiwa kwamba alipoteza damu nyingi. Haukuwa uongo. Baada ya msiba kuisha, Mzee akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akaniuliza kama naijua Kirushya. Nikamwambia mama yangu mdogo ameolewa jirani na kule. Akaniomba nifuatane naye, maana Kihangaza chake kilikomea kwenye salamu.

"Mganga mfawidhi amekuruhusu?" nikamuuliza.

"Amenikataza. Amesema nikienda nisije nikasema natoka hospitali, na wakitushtaki niko peke yangu."

"Sasa?"

"Sasa nakuuliza wewe."

Nilikubali, na sijui mpaka leo kama ilikuwa kwa kumpenda au kwa kuogopa aende na mkalimani mbaya. Tulitoka Jumamosi. Njia nzima hakuzungumza, ila mara moja, bodaboda zilipotushusha kwenye kilima na tukaanza kutelemka kwa miguu katikati ya migomba, aliniuliza draiva kwa Kihangaza nitaiitaje. Nikamwambia sijui. Akasema na yeye hajui angeiitaje kwa Kiswahili.

Mjane wa kiume alikuwa uani, anapura maharage. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mama yake mzazi alikaa mlangoni na kitoto kimefungwa kwenye khanga. Tulikaribishwa viti, tukaletewa ndizi zilizochemshwa. Nikasema sisi ni nani. Mzee akatoa mfukoni kipande cha roli ya stika, akakiweka kwenye goti la mwenye nyumba, na akaanza kueleza, nami nikafuata nyuma. Nilisema kuna mashine inayoandika majina, na kuna maneno yanayoielekeza mashine iandike kwa upana gani, na huyu mzee ndiye mwenye kuyaweka hayo maneno. Nikasema aliyaweka kwenye mashine moja akadhani yamefika kwenye zote. Nikamwonyesha kwa kidole mahali namba ilipokatika.

Yule bwana aliigeuza stika, akaitazama nyuma, akaitazama tena mbele.

"Na huyu mwingine," akasema, "mwenye jina kama lake. Yeye alikufa?"

"Hapana," nikasema. "Yuko hai, na mtoto wake."

Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Bibi mlangoni aliacha kumpapasa mtoto.

"Mimi sijasoma sana," akaendelea. "Nimesikia mashine, nimesikia namba. Naomba uniulizie kitu kimoja. Nani aliyemuua mke wangu?"

Nilimgeukia Mzee nimtafsirie. Lakini alikuwa ameshaelewa kwa uso wa yule bwana.

"Mimi," akasema kwa Kiswahili.

Hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Yule bwana alikunja ngumi juu ya ile stika, akatazama upande wa jikoni, ambako watoto wakubwa walikuwa wamesimama.

"Usiseme hivyo hapa," akamwambia, naye kwa Kiswahili. "Watoto wanasikia."

Kuku walipita kwenye maharage na hakuna aliyewafukuza. Halafu akaniambia mimi, kwa lugha yetu, nimwambie mzee asirudi tena. Hakusema kwa hasira. Alisema mpaka jana alikuwa na msiba tu, na msiba ameshauzoea kidogo. Sasa amepata uso wa mtu. Akiendelea kuuona atamchukia, na kuchukia ni kazi, na yeye ana watoto wa kulisha. Nilitafsiri lote, neno kwa neno. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akasema, "Mwambie ana haki." Nikamwambia. Yule bwana akasimama akatusindikiza mpaka njia panda, kama inavyopasa kumsindikiza mgeni, akarudi.

Hawakushtaki. Hospitali haikumfukuza Mzee pia. Mganga mfawidhi alimwita, akafunga mlango, akamgombeza kwa sauti niliyoisikia kupitia plaiwudi, na mwisho akamwambia arudi kazini kwa kuwa hakuna mwingine anayejua waya zinapita wapi.

Kuanzia hapo akawa yule wanayemkumbuka wengine. Alikitoa kile kiti chake nje, akabaki na stuli. Alifuta draiva zote za zamani kwenye kompyuta moja baada ya nyingine kwa mkono wake, akaweka upya, akafunga kila kompyuta ili mtu yeyote asiweze kuongeza printa bila yeye. Daktari mgeni aliyejaribu kupakua draiva yake mwenyewe kutoka mtandaoni alipigiwa kelele mbele ya wagonjwa, na alikuwa amekosea kidogo tu. Watu walichoka naye. Ukimwonyesha picha ya karatasi kwenye simu yako, aone kwamba printa imetoa vizuri, alisema, "Nataka kuishika yenyewe." Yule bahili wa karatasi akawa anatoa ukurasa mzima wa stika ili asome moja, na ile moja aliisoma tarakimu kwa tarakimu, midomo ikicheza. Hakumrekebisha tena mtu matamshi. Nesi yuleyule alimwambia plinta, naye Mzee akaenda kuiangalia.

Ningependa kusema kwamba kutembea kule kulimpumzisha. Sikuona hivyo. Aliyapata makosa madogo, ukingo uliosogea hapa, printa iliyobadilishwa kule, na kila alipolipata moja alikaa nalo siku nzima akihesabu lingeweza kufanya nini. Aliumia sana mgongo kwa kuinama nyuma ya meza. Aliwahi kuniambia kwamba akishindwa kulala huziona stika zikitoka moja moja, na zote ni nzima, na hilo ndilo linalomuudhi.

Alistaafu bila sherehe. Kazi yake ilichukuliwa na kampuni iliyoko mbali, ambayo vijana wake wanaingia kwenye kompyuta zetu kutoka huko waliko. Ukipiga simu wanasema wanakuona. Mambo yanakwenda, sitasema uongo. Chumba chake sasa kinahifadhi magodoro ya wodini.

Nilimwona mara ya mwisho Nyakanazi. Nilikuwa nabadilisha gari nikienda Ngara, na mwanamke mmoja mwenye mgahawa karibu na maegesho ya malori akaniita kwa cheo changu cha zamani. Alikuwa binti yake. Akanipeleka nyuma, kwenye kibaraza kinachotazama malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani, amekonda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema. Alinitazama kwa adabu ya mtu anayemtazama mgeni.

Binti akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kumbukumbu inamtoka. Jina la marehemu mama limeshakwenda. Kazi imekwenda. Akimwona mteja na kompyuta mpakato haulizi kitu. Nilikaa karibu naye, nikamweleza mimi ni nani, hospitali ipi, chumba kipi. Alikubali kila kitu kama mtu anayekubali bei ya sokoni. Nikaanza kufikiri, Mungu anisamehe, kwamba huenda huu ni unafuu. Kwamba na lile nalo limeshamtoka.

Chai ikaja. Akaishika bila kunywa. Kisha akanigeukia, na macho yake yakawa ya siku zile.

"Katibu," akasema. "Tutakwenda lini Kirushya?"

"Tulishakwenda, mzee," nikamjibu.

"Tulikwenda?"

"Tulikwenda wote wawili."

"Nikamwambia?"

"Ulimwambia."

"Yeye akasemaje?"

Nikamwambia alichosema yule bwana, vilevile nilivyomtafsiria siku ile, sikuongeza wala kupunguza. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na ikampiga upya, niliona ilivyompiga. Kikombe kiliinama mkononi, chai ikamwagikia goti. Binti alikuja na kitambaa, akampangusa, akaondoka. Lori moja likawasha injini, likasogea mbele kidogo, likazima. Mzee alilitazama mpaka lilipotulia.

"Katibu," akasema. "Tutakwenda lini Kirushya?"

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. "Mwambie kesho," akanong'ona. "Sisi humwambia kesho, dada. Ukimwambia mlishakwenda anaanza upya kila mara."

Gari langu lilikuwa limeanza kuita abiria.

"Kesho, mzee," nikasema.

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

"Na mkalimani umempata?"

"Nitakuwa mimi."

Akanishukuru. Akasema basi nisichelewe, kwa sababu yule mtu anapaswa kuambiwa.